Mashine ya Tatu Kutoka Dirishani

Pedali ya kwanza nilinunua kwa Ziemowit,
yule auzaye redio zilizokufa nyuma ya stesheni.
Kijisanduku cha bati, rangi ya ini,
kirungu kimoja kimepotea, umebaki mhimili mtupu
ninaouzungusha kwa koleo.
"Inaungua," akaniambia, "lakini inaungua vizuri."

Nilitaka sauti moja tu.
Si radi, si nyuki, si ile kwaya ya malaika
ambayo kila mtu hapa Łódź huipata
akinunua mwangwi mpya na kuuacha ulivyotoka dukani.
Nilitaka ukumbi wa ufumaji, jengo la tatu,
zamu ya usiku, mwaka sabini na moja,
mahali bibi yangu Leokadia alipoacha masikio yake.

Nilianza kwa kukosea.
Nikaweka mwangwi mbele, mkwaruzo nyuma:
kila mrudio ukararuka kama shuka kuukuu.
Nikageuza. Mkwaruzo mbele, mwangwi nyuma:
ikawa safi mno, ikawa kanisa.
Nikalirudia kosa,
maana kosa ndilo lililokuwa na vumbi la pamba.

Transista za zamani huogopa joto.
Januari niliitoa pedali nje, kwenye kingo ya dirisha,
waya ukipenya ufa wa fremu,
theluji ikiipiga mgongoni,
nami ndani na glavu zilizokatwa vidole,
nikacheza hadi mlio ukakauka,
ukawa chuma,
ukaota meno.
Jirani wa juu, Bi Żelisława, akagonga sakafu kwa ufagio.
Aligonga kwa mapigo sawasawa. Nikamrekodi.

Nyuzi sita zilikuwa mtande.
Mshindio ulikuwa mwangwi,
ukienda ukirudi, ukienda ukirudi,
na mimi katikati, kama mtu aliyekatazwa kukohoa.
Nikapenyeza kipande cha karatasi chini ya nyuzi.
Nikasugua sarafu.
Usiku mmoja nikachukua waya wa kutokea
nikauchomeka penye tundu la kuingilia,
na pedali ikaanza kujila yenyewe,
ikaimba pasipo mkono wangu,
nikakaa kitini nikiisikiliza
kama unavyomsikiliza mtoto anayeongea usingizini:
huelewi neno, huthubutu kumwamsha.

Jumapili nilimleta bibi.
Ngazi nne, mapumziko matatu, mkoba wenye keki ya jibini.
Hasikii. Hajasikia tangu sijazaliwa.
Nikamketisha juu ya spika;
akacheka, akaona haya, akakunja sketi magotini,
kisha akabandika viganja viwili ubavuni mwa sanduku.
Nikazikanyaga zote.

Uso wake haukubadilika kwa muda mrefu.
Niliona vidole tu, vikianza kutafuta,
vikifunga fundo lisiloonekana,
lile la haraka,
la kuunga uzi uliokatika bila kusimamisha mashine.

Halafu akatikisa kichwa.
"Sivyo," akasema, kwa ile sauti yao kubwa
ya watu waliozoea kusomana midomo.
"Zinakwenda pamoja mno. Ya tatu kutoka dirishani
ilikuwa ikichechemea. Ya Genowefa.
Hakukubali fundi aiguse.
Miguu yetu ilijua yupo kazini
kwa kuchechemea kule."

Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu.

Nikaitafuta betri iliyochoka,
ile ninayoitunza ndani ya soksi, volti saba na ushei,
nikaipachika kwenye mwangwi.
Mwangwi ukaishiwa pumzi. Ukajikwaa.
Ukawa unafika umechelewa, kila mara,
kama mwenye goti bovu anayekataa kushikwa mkono.

Bibi hakusema ndiyo.
Alisogea pembeni kidogo, pale pale juu ya spika,
akaacha nafasi ya mtu mmoja.